Kalibu

Fremu za madirisha ya alumini humfikia fundi wa Nachingwea au Ruangwa zikiwa vipande virefu, tayari vina mifereji ya kioo na wavu. Mifereji hiyo haikuchongwa. Gogo la alumini hupashwa moto hadi nyuzi 450 au 500, chini ya 660 inapoyeyukia, kisha husukumwa kama tambi kupitia tundu la bamba la chuma kigumu. Bamba hilo ni kalibu, neno lilelile la matofali. Kusukuma huku si kusubu; kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka.

Usanifu wa kalibu unastahili heshima: alumini hukimbia katikati, husuasua penye wembamba, hivyo msanifu hufupisha ukuta wa tundu pale inaposuasua. Asipofanya hivyo, fremu hutoka imepinda. Walimu wa ufundi, fundisheni kalibu kwa jina lake.