Dozi na Mahali Pake

Mwaka 1955 Peter Dews, mwanafamakolojia mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha matokeo ya jaribio la njiwa wenye njaa waliofunzwa kudonoa kitufe ili wapate nafaka. Katika utaratibu mmoja chakula kilitoka kila walipodonoa mara 50. Katika mwingine, walipodonoa mara ya kwanza baada ya dakika 15 kupita. Kisha wakapewa pentobabitali, dawa ya usingizi. Kwa dozi ileile, kudonoa kwa hesabu kuliongezeka kasi, kudonoa kwa kungoja muda kukafifia. Dawa ilikuwa moja na njaa moja. Kilichotofautiana ni kazi na malipo yake. Famakolojia ya tabia, kama fani inayoweza kumshughulisha msomi maisha yake yote, naihesabu kuanzia hapo.

Wakati wenyewe ulikuwa umeiva. Klopromazini ilikuwa imeingia katika wodi za wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, na kampuni za dawa za Marekani zikahitaji watu wa kupima tabia ya mnyama kwa uangalifu wa kimaabara. Saikolojia ya afya ilichelewa kupata nafasi yake: Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliiundia idara mwaka 1978, Joseph Matarazzo akiwa rais wake wa kwanza. Msomi aliyeshika fani zote mbili alibeba swali la Dews hadi kwa wagonjwa: dawa hufanya nini, kwa nani, wapi, naye akiwa katika shughuli gani?

Pingamizi la kwanza kwa swali hilo ni la haki: njiwa si binadamu. Lakini Lee Robins alichunguza wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam Septemba 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini akiwa huko. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, ni kama asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudia uraibu. Wapo wanaosema vijana hao waliingia kwenye heroini kwa sababu ya vita, kwa hiyo hawafanani na mtu aliyeianzia mtaani kwao. Ni kweli, na hapo ndipo hoja inapopata nguvu, maana huyu wa pili akitoka hospitali hurudi palepale alipoizoea. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha upande wa kutisha wa jambo hilohilo. Panya waliozoeshwa heroini walipewa dozi kubwa. Katika chumba walichozoea kuipatia, asilimia 32 walikufa. Katika chumba kingine, asilimia 64. Na kati ya wale ambao hawakuwahi kuionja, asilimia 96. Kwa maelezo ya Siegel, mwili hujifunza dalili za mahali na kujiandaa kuipinga dawa kabla haijaingia. Maandalizi hayo humlinda mtumiaji, na dawa isipokuja huyahisi kama hamu na arosto. Kwa hiyo kuondoka mahali palipozoeleka humpunguzia mtu hamu, na pia humvua kinga. Ndiyo sababu naona kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, iliyofunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011 haiwezi kupimwa kwa dozi peke yake: mgonjwa akishakunywa dawa yake, anaweza kurudi maskani ileile.

Wengine hudai kwamba kuzungumzia mazingira ni kuusahau mwili. Ushahidi wa Siegel unakataa, kwa sababu mwili wenyewe ndio unaojifunza. Pingamizi zito zaidi lilimwelekea Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont, aliyewapa waraibu wa kokeini vocha za kupata bidhaa kila vipimo vya mkojo vilipoonyesha hawakuitumia: je, si hongo? Katika utafiti wake wa 1994, asilimia 75 ya waliopewa vocha walimaliza wiki 24 za tiba, dhidi ya asilimia 40 ya wenzao. Vocha zikisitishwa, sehemu ya faida hupungua kadiri muda unavyopita, na wakosoaji husema mtu hakupona. Lakini shinikizo la damu nalo hupanda mgonjwa akiacha vidonge, wala hatusemi vidonge havikufaa. Tena Higgins hakutegemea vocha pekee: makundi yote mawili yalipata ushauri kuhusu ajira, familia na burudani, yaani malipo ambayo mtu anaweza kuendelea kuyapata baada ya wiki hizo 24.