Laptop Inachemka na Kukwama Ukitazama Video Mtandaoni? Angalia Mambo Haya Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Umefungua YouTube ufuatilie somo au uangalie mechi. Dakika tano hazijaisha, feni imeanza kuvuma kama jenereta, laptop imekuwa ya moto mapajani, picha inarukaruka huku sauti ikiendelea vizuri. Ukigusa kipanya, kishale kinachelewa. Wengi hapo husema mashine imezeeka, au hukimbilia kwa fundi ambaye naye huwaambia waongeze RAM.

Mara nyingi tatizo si RAM. Ni prosesa kubebeshwa kazi ambayo haikutakiwa kuifanya peke yake, na sehemu kubwa ya marekebisho ni ya bure.

Kwanza: ni mtandao au ni prosesa?

Haya ni matatizo mawili tofauti ingawa yote huitwa "video inakwama".

Mtandao ukiwa ndio mbovu, video husimama kabisa, kiduara kinazunguka, kisha inaendelea. Feni huwa imetulia.

Prosesa ikielemewa, video haisimami. Sauti inaendelea, lakini picha inakatakata, feni inavuma na mashine nzima inakuwa nzito. Dalili zikiwa hizi, kununua bando kubwa zaidi hakutasaidia kitu.

Kwa nini video inakula prosesa?

Video ya mtandaoni haiji kama picha zilizo tayari. Inakuja imebanwa ili isile bando, na ni lazima kifaa chako kiifungue ikiwa inacheza. Video ya 1080p ina piseli zaidi ya milioni 2 katika kila picha moja. Ikiwa na picha 30 kwa sekunde, hizo ni piseli zaidi ya milioni 62 za kuandaa kila sekunde. Ikiwa na picha 60 kwa sekunde, kazi inakuwa mara mbili.

Watengenezaji wa chipu walilijua hilo, ndiyo maana ndani ya chipu ya grafiki huweka sehemu maalumu ya kufungua video. Sehemu hiyo hufanya kazi kwa umeme kidogo na joto kidogo. Shida ni kwamba inaelewa tu aina za ubanaji zilizokuwepo ilipotengenezwa. Ikikutana na aina mpya, kazi yote inarudi kwa prosesa.

Aina hizo za ubanaji huitwa kodeki. Kwenye YouTube utakutana na tatu:

H.264: ya mwaka 2003. Karibu kila laptop na simu iliyoko mtaani leo inaifungua kwa chipu bila jasho.

VP9: ya Google, ilikamilika mwaka 2013. Inabana zaidi, hivyo inaokoa bando. Kwa upande wa Intel, chipu zilianza kuifungua kikamilifu kuanzia kizazi cha 7, kilichoanza kutoka mwaka 2016.

AV1: ilitoka mwaka 2018. Inabana kuliko zote hizo. Intel ilianza kuiweka kwenye chipu za laptop kuanzia kizazi cha 11, mwaka 2020. Kwa Apple, ilianza na iPhone 15 Pro na kompyuta za M3, mwaka 2023.

Kizazi cha prosesa yako kinaonekana kwenye jina lake. Core i5-3320M ni kizazi cha 3, i5-7200U ni cha 7, na i5-1135G7 ni cha 11. Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa bei nafuu ni za kizazi cha 3 hadi cha 6. Zinafanya kazi za ofisi vizuri kabisa, lakini YouTube ikiziletea VP9 au AV1, prosesa ndiyo inayobeba mzigo.

Hatua za kufuata

1. Tafuta nani anakula prosesa

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Angalia safu ya CPU video ikiwa inacheza. Kama kivinjari ndicho kiko juu, endelea na hatua zinazofuata. Kama ni programu nyingine, mfano antivirus inayokagua mashine au Windows inayojisasisha, isubiri imalize kwanza.

Ukiwa ndani ya Chrome au Edge, bonyeza Shift na Esc. Utaona kila ukurasa uliofungua na kiasi unachokula. Kwenye Firefox, andika about:processes mahali pa kuandikia anwani. Usishangae kukuta mlaji si video, bali ni ukurasa uliousahau tangu asubuhi.

2. Angalia video inakuja kwa kodeki gani

Bonyeza video ya YouTube kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua "Stats for nerds". Tafuta mstari wa Codecs. Ukiona avc1, hiyo ni H.264. Ukiona vp09 ni VP9, na av01 ni AV1.

Hapohapo kuna hesabu ya fremu zilizodondoshwa. Namba ya "dropped" ikiwa inapanda mfululizo, kifaa kimeshindwa kwenda na kasi ya video.

3. Hakikisha chipu ya grafiki imeruhusiwa kufanya kazi

Kwenye Chrome, ingia Settings, kisha System, uwashe "Use graphics acceleration when available". Kwenye Firefox, mpangilio huo uko Settings, General, chini ya Performance. Funga kivinjari na ukifungue upya.

Kujua kama imekubali, andika chrome://gpu kwenye Chrome na utafute mstari wa Video Decode. Ukisoma "Hardware accelerated", chipu iko kazini. Njia nyingine ni kurudi Task Manager, sehemu ya Performance, ubofye GPU. Mchoro wa Video Decode ukipanda video inapocheza, mambo ni mazuri. Ukilala sifuri, prosesa ndiyo inayohangaika.

Kuna kisa cha kinyume pia. Draiva ikiwa mbovu, kuwasha mpangilio huu kunaweza kuleta skrini nyeusi au video yenye rangi za ajabu. Hapo uzime kwa muda mpaka draiva irekebishwe.

4. Kagua draiva ya grafiki

Hii ndiyo sababu inayosahaulika zaidi, hasa kwa laptop iliyopigwa Windows upya. Fundi akimaliza kuweka Windows bila kuweka draiva, mashine inawaka na kila kitu kinaonekana sawa, ila chipu ya grafiki inakuwa haitumiki ipasavyo.

Fungua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter" badala ya jina la Intel, AMD au NVIDIA, tatizo limepatikana. Unganisha intaneti, ingia Windows Update, au pakua draiva kutoka tovuti rasmi ya kampuni iliyotengeneza laptop yako. Epuka programu za mtandaoni zinazodai "kusasisha draiva zote", kwani baadhi huleta virusi.

5. Shusha ubora wa video

Laptop nyingi za bei nafuu zina skrini ya 1366 kwa 768. Kuchezesha 1080p kwenye skrini hiyo ni sawa na kujaza maji ndoo ambayo imeshajaa: prosesa inafungua piseli zaidi ya milioni 2, kisha inazipunguza zitoshee piseli milioni 1 tu za skrini. Chagua 720p. Kwa mihadhara, mahubiri au habari, 480p inatosha.

Ukiona 720p60 au 1080p60, hizo ni zile za picha 60 kwa sekunde. 480p itakupa nafuu kubwa.

6. Ilazimishe YouTube ilete H.264

Kivinjari kikiiambia YouTube kwamba kinaweza kufungua VP9, YouTube huleta VP9, hata kama kazi itafanywa na prosesa. Kuna kiendelezi kiitwacho enhanced-h264ify kilichotengenezwa kuzuia kodeki hizo ili uletewe H.264. Kwenye laptop ya kizazi cha 3 au cha 4, mabadiliko huonekana papo hapo.

Kwa mashine za kizazi cha 7 hadi cha 10, ambazo VP9 haizisumbui ila AV1 inazisumbua, watumiaji wa Firefox wanaweza kuandika about:config, kutafuta media.av1.enabled na kuiweka false.

Hapa kuna gharama ya kujua. H.264 inabana kidogo kuliko VP9, hivyo kwa ubora uleule inakula bando zaidi. Unaokoa prosesa, unalipa kwa data. Anayetumia bando la siku afanye yote mawili kwa pamoja: H.264 na 480p. Pia, YouTube huleta H.264 mwisho 1080p, kwa hiyo 4K utaikosa.

7. Punguza vinavyoongeza mzigo

Zima viendelezi usivyovihitaji, funga kurasa za ziada, na sasisha kivinjari. Kwenye YouTube yenye mandhari meusi, bofya alama ya gia na uzime Ambient mode, ile inayotandaza rangi za video pembeni mwake. Ni pambo tu, na kwenye mashine dhaifu linaongeza kazi.

8. Jihadhari na tovuti za mechi za bure

Kama YouTube inacheza vizuri lakini tovuti fulani ya mechi inapandisha CPU hadi asilimia 100, huenda tatizo si laptop yako. Tovuti hizo hujaa matangazo yanayojifungua yenyewe. Nyingine hutumia prosesa za wageni kuchimba sarafu za kidijitali kimyakimya. Huduma iliyovuma kwa mchezo huo, Coinhive, ilianza mwaka 2017 na kufungwa Machi 2019, lakini mbinu yenyewe haikufa. Dalili ni kwamba ukisimamisha video CPU inabaki juu, ukifunga ukurasa inashuka. Ondoka hapo.

9. Joto na vumbi

Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana video inaweza kucheza vizuri dakika kumi za mwanzo, kisha ianze kukwama. Usiweke laptop juu ya godoro au mto, kwa sababu matundu ya hewa huzibwa. Kama ina miaka kadhaa na haijawahi kufunguliwa, kusafisha feni na kubadilisha pesti ya prosesa ni kazi ya kumlipa fundi bila majuto.

Na kwa wanaotumia simu?

Kanuni ni ileile. Simu ikichemka, hujipunguzia kasi na kupunguza mwanga wa skrini. Usitazame video ndefu ikiwa kwenye chaji, na toa kava kama imepata moto. Shusha ubora hadi 480p, kwani kwenye skrini ndogo tofauti ni kidogo. Ndani ya app ya YouTube, Stats for nerds inawashwa kupitia Settings, kisha General, nawe utaona kodeki inayotumika.

Kama kutazama kupitia kivinjari kunaisumbua simu, jaribu app yenyewe, au fanya kinyume chake, kisha ulinganishe joto na chaji iliyotumika.

Lini uende kwa fundi?

Ukiambiwa uongeze RAM, fungua kwanza Task Manager. Kama Memory iko asilimia 50 na CPU iko 100, RAM mpya haitabadilisha video. SSD itafanya mashine iwake haraka, lakini haifungui video. Fedha yako iende kwenye kusafisha feni na kuwekewa draiva sahihi.

Kama umefanya yote na hata 480p ya H.264 bado inaisumbua, basi hapo ni umri. Ukienda kununua nyingine ya mtumba, usiangalie tu i5 au i7. Angalia namba inayofuata: kizazi cha 7 kwenda juu kitakuondolea shida ya VP9, na cha 11 kwenda juu kitaimudu AV1 pia. Na kabla ya kutoa hela, mwombe muuzaji afungue video moja ya YouTube, uiache icheze dakika kumi, usikilize feni.