Moyo Uliofichwa na Unene

Mwaka wa 1816, jijini Paris, daktari René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Enzi hizo daktari alikuwa na njia chache: akugonge kifua kwa vidole, akupapase, au akulalie sikio kifuani. Mwanamke huyu alikuwa mnene, kwa hivyo kugonga na kupapasa hakukusaidia. Kumwekea sikio nako kulionekana utovu wa adabu. Basi Laennec akakunja karatasi zikawa mrija, ncha moja kifuani, nyingine sikioni. Kumbe moyo ulisikika wazi kuliko alivyozoea! Stethoskopu ilizaliwa hivyo.

Kitabu chake cha 1819 kinamtaja mwanamke huyo bila jina. Mimi kinachonigusa ni kwamba hakuambiwa aende akonde kwanza. Mwili ulipokataa kifaa, daktari alibadilisha kifaa.

Baadaye mambo yaligeuka. Mnamo 1832, Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na nyota, aligundua kwamba uzito wa watu wazima unaelekea kulingana na urefu wao ukizidishwa kwa wenyewe. Alikuwa anamtafuta "mtu wa wastani", si mgonjwa. Mwaka wa 1972 Ancel Keys na wenzake wakaipa hesabu hiyo jina tunalolijua, BMI. Leo ukifika 30, unaandikwa mnene kupindukia, na wengi wetu tunadhani hiyo ndiyo hukumu ya moyo.

Shida ni kwamba mizani inajua kilo tu. Haijui mafuta yamekaa wapi. Daktari Jean Vague wa Marseille alishasema hivyo mwaka wa 1947: mafuta ya sehemu ya juu ya mwili na ya tumbo yana hatari kuliko ya mapaja na makalio. Watu wawili wanaweza kuwa na BMI ile ile, mioyo yao ikawa tofauti kabisa. Kujua, lazima uangalie ndani.

Nafasi ya kuangalia ilitokea kiwandani. Huko Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine kutoka kiwanda cha meli cha Malmö. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Mwaka wa 1953 wakaielekeza kwenye moyo, nao ukarudisha mwangwi. Hapo ndipo kipimo cha eko kilipoanzia. Leo eko inaonyesha kama kuta za moyo zimenenepa kwa kusukuma damu ya mwili mkubwa miaka na miaka, jambo ambalo mizani haiwezi kukuambia.

Lakini mafuta hudhoofisha mawimbi ya sauti kabla hayajafika moyoni. Shangazi yangu alipimwa eko, ripoti ikarudi na sentensi moja: picha si nzuri kwa sababu ya mwili wa mgonjwa. Akapewa ushauri apunguze uzito, akarudi nyumbani. Yaani wanaohitaji picha zaidi ndio wanaopata picha mbaya zaidi, halafu lawama ni yao.

Na njia zipo. Kuna viputo vidogo vinavyodungwa kwenye mshipa ili kuta za moyo zionekane vizuri. Kuna skani ya CT: mwaka wa 1990 Arthur Agatston na wenzake walionyesha namna ya kuhesabu chokaa iliyoganda kwenye mishipa ya moyo. Alama ikipanda, hatari inapanda. Ila sufuri si cheti cha usalama, hasa kwa sisi vijana, kwa sababu uchafu laini ambao haujawa chokaa hauhesabiki. Tena mashine yenyewe ina kikomo cha uzito wa kitanda, na mtu anaweza kugeuzwa mlangoni.

Sisemi unene hauna madhara. Una madhara, na moyo ni shahidi. Lakini "punguza uzito" ni ushauri, si kipimo. Ripoti ikisema picha haikutoka vizuri, maana yake ni kwamba moyo bado haujaonekana. Mgonjwa, hata awe na kilo ngapi, ana haki ya kuuliza: sasa tutauangalia kwa njia gani nyingine?