Pengo la Neva na Umbali wa Mgonjwa: Historia Fupi ya Ukarabati wa Neva za Pembeni, kwa Kuzingatia Vugiri, Korogwe

1.0 Utangulizi

Kata ya Vugiri imo katika milima ya Usambara Magharibi, wilayani Korogwe. Milimani watu hulima kwa jembe na panga. Bondeni yametanda mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 enzi za utawala wa Kijerumani. Panga na korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, huweza kukata neva za mkono. Ngozi na mfupa hupona, lakini vidole hubaki bila hisia wala nguvu ya kushika mpini. Makala haya yanadai kuwa historia ya ukarabati wa neva inahusu mapengo mawili: nafasi kati ya ncha za neva iliyokatika, na muda unaopita kabla mgonjwa hajatibiwa. Sayansi imelishughulikia zaidi pengo la kwanza.

2.0 Kutoka Mfupa hadi Uchapishaji wa Seli

Mwaka 1850 Augustus Waller alionesha kwamba sehemu ya neva iliyotengwa na kiini cha seli yake hunyauka. Hivyo nyuzi mpya hazina budi kuota kutoka upande ulio hai. Mwaka 1882 Constant Vanlair aliziongoza nyuzi hizo, katika mbwa, ndani ya mrija wa mfupa ulioondolewa chokaa. Wazo la mrija, basi, si geni.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta majeruhi wengi wa neva. Mwaka 1943 Herbert Seddon aliyagawa majeraha yao katika madaraja matatu: neva iliyozubaa kwa muda, neva ambayo nyuzi zake zimekatika ndani ya ala nzima, na neva iliyokatika kabisa. Daraja la tatu ndilo linalohitaji upasuaji. Mwaka 1972 Hanno Millesi alithibitisha kuwa kuunga kwa kipande cha neva ya mgonjwa mwenyewe ni bora kuliko kuzivuta ncha kwa nguvu. Hata hivyo, kipande hicho kwa kawaida hutolewa mguuni, na sehemu ya unyayo hufa ganzi.

Kuepuka gharama hiyo ndiko kulikorejesha mrija, safari hii wa kolajeni au polima inayoyeyuka mwilini. Mirija hiyo hufaa zaidi kwa mapengo yasiyozidi sentimita 3. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha mrija wenye matawi mawili, uliofuata umbo la neva ya panya na kubeba vichocheo tofauti vya nyuzi za hisia na za mwendo. Hatua hiyo ni kubwa, ila panya si mkulima: mkononi mwa binadamu umbali wa kuota ni mrefu mara nyingi zaidi.

3.0 Funzo la Ukoma

Tanzania ina uzoefu wake wa neva zilizoharibika. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mwaka 1982 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba ya dawa mseto. Mikono mingi iliokolewa kwa kugundua ugonjwa mapema na kutoa dawa karibu na makazi ya watu, kabla ya upasuaji kuhitajika.

4.0 Hitimisho

Neva huota takribani milimita 1 kwa siku. Ikikatwa juu ya kiwiko, sentimita 30 kutoka misuli ya kiganja, huhitaji siku zipatazo 300, ilhali misuli isiyo na neva hupoteza uwezo wa kurejea baada ya miezi 12 hadi 18. Mgonjwa akichelewa miezi 6, hata mrija bora kabisa utafikisha nyuzi kwenye misuli mwezi wa 16. Kwa hiyo swali la Vugiri linatangulia lile la mashine ya kuchapa: ni nani, katika zahanati ya kwanza, atakayepima hisia za vidole kabla ya kushona ngozi, na kumpa mgonjwa rufaa siku hiyohiyo?