Kizibo, siki ya bibi na mvinyo wa Dodoma

Haya wadau, najua nimeadimika. Niko nyumbani Chake, likizo. Leo naandika historia kidogo, msinikimbie.

Siku chache kabla hatujafunga chuo, mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Dodoma, alipigiwa simu kutoka kwao. Baba yake analima zabibu. Zilizokosa mnunuzi alizikamua, akatengeneza mvinyo, akautia kwenye madumu nusunusu na kuyaweka stoo ya bati. Kaja kufungua, siki tupu! Ada ya jamaa ilikuwa humo. Akakaa kimya weee, kisha akaniangalia: "Na wewe Mpemba utaniambia nini kuhusu mvinyo?"

Sikuwa na jibu. Nimelikuta jikoni kwa bibi.

Bibi ana chupa ya siki ya tembo la mnazi, mdomoni kaifunga kitambaa tu. Nilipokuwa mdogo nilijifanya mjuzi nikaikaza kifuniko. Siki ikagoma kuiva, nikasemwa mpaka majirani wakasikia. "Siki yataka pumzi!" Tembo asubuhi tamu, jioni kali, siku zikipita siki. Na likigeuka lenyewe, masheikh wetu wanasema halali.

Miaka ya 1860 Louis Pasteur, kule Ufaransa, alieleza jambo hilo hilo kitaalamu: kuna vijidudu vinavyogeuza kileo kuwa siki, na vinahitaji hewa. Kwa hiyo anayetaka siki aache hewa iingie, anayetaka mvinyo ukae aizuie. Basi.

Na pwani yetu imeiona vita hiyo zamani sana. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinasema wafanyabiashara walileta mvinyo sehemu fulani za pwani hii, si wa kuuza bali wa kujipatia urafiki na wenyeji. Kinataja pia kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja au Mafia. Kwenye bandari ya Berenike, Misri, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vizibo vya mitungi: vipande vya gome au vigae, juu vimepigwa lipu. Yaani watu walishajua kwamba gome peke yake halitoshi!

Halafu wakaja Wareno. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na neno letu "mvinyo" limetoka kwao, vinho. Hata "pipa" ni lao. Ajabu ni kwamba Ureno ndiyo inayoongoza duniani kwa gome la vizibo, lakini meli zao zilibeba mvinyo ndani ya mapipa. Chupa za kioo imara zilianza kutengenezwa Uingereza karne ya 17, na karne ya 18 zikapata umbo la kuweza kulazwa. Hapo ndipo mvinyo ulipoanza kukaa miaka chupani.

Kwa nini zilazwe? Gome likiguswa na mvinyo hubaki limevimba. Likikauka linasinyaa, hewa inapenya. Joto nalo hutanua mvinyo ukasukuma kizibo. Wataalamu wanataka nyuzi 10 hadi 15, tena pasibadilike badilike. Stoo ya bati mchana wa Dodoma, jamani!

Nimemtumia jamaa ujumbe: msimu ujao mzee ajaze chupa hadi karibu na kizibo, avikaze, azilaze gizani. Si babu yake ana nyumba ya tembe, ya kuta nene za udongo? Humo ndani kuna ubaridi kuliko stoo yoyote ya bati.

Nilipomsimulia bibi hasara ile, alishangaa: "Sasa hiyo siki wamwagia nini? Si waiuze!"

Jamaa kajibu usiku: bado madumu manne hayajamwagwa. Mzee ameanza kutafuta chupa.

Tuonane chuo kikifunguliwa. Mwenye notsi za semina aniwekee.