Jina la Nyumbani, Jina la Daftari

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtoto wa Ireland ambaye mama yake alimwita Mary Murphy aliweza kufika shuleni akakuta anaitwa Máire Ní Mhurchú. Kaka yake Patrick, tumbo moja naye, akawa Pádraig Ó Murchú. Asubuhi mwalimu alipoita majina, kila mmoja alipaswa kulitambua jina lake jipya na kuitikia "anseo", yaani nipo hapa. Saa za masomo zikiisha walirudi nyumbani wakawa tena Mary na Patrick. Wengi hawakuulizwa, wala wazazi wao hawakuulizwa. Mwalimu aliandika kwenye daftari la mahudhurio, na mambo yakaishia hapo.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza huona ubabe wa walimu, na ubabe ulikuwepo. Lakini majina ya Waairishi yalikuwa yameguswa na mikono mingine kwa karne nyingi kabla ya hapo, na bila kujua hilo hatuwezi kuwahukumu walimu hao kwa haki.

Mwaka 1465, chini ya Mfalme Edward IV, ilipitishwa sheria iliyowataka Waairishi walioishi Dublin, Meath, Louth na Kildare, eneo lililokuwa mikononi mwa Waingereza, wachukue majina ya ukoo ya Kiingereza. Waliruhusiwa kuchagua jina la mji, la rangi, la kazi au la cheo: White, Brown, Smith, Carpenter, Cook, Butler. Aliyekaidi angenyang'anywa mali. Sheria hiyo haikufika mbali siku zile. Kilichofika mbali ni shinikizo la karne zilizofuata, ardhi na ofisi zilipohamia kwa watawala wapya. Koo zikadondosha Ó, yaani mjukuu au kizazi cha fulani, na Mac, yaani mwana wa fulani. Makarani waliandika walichodhani wamesikia, na mara nyingine walitafsiri. Ó Marcaigh akawa Ryder, kwa kuwa marcach ni mpanda farasi. Mac an tSaoir, mwana wa fundi, akawa Carpenter.

Majina ya kwanza yaliumia zaidi. Diarmaid aliandikwa Jeremiah, Conchúr akawa Cornelius, Tadhg akawa Timothy. Finghin, jina la kale la wanaume wa kusini, liligeuzwa Florence, ambalo kwingineko hupewa wanawake. Hakuna undugu wowote kati ya majina hayo. Palihitajika kitu ambacho karani Mwingereza au padri angeweza kukiandika, likachukuliwa lililokaribia kwa mlio.

Shule za taifa zilianzishwa mwaka 1831, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Mtoto aliyetamka Kiairishi alivikwa shingoni kijiti kilichoitwa bata scóir, kikachanjwa alama kwa kila kosa, na alama zikahesabiwa kwa viboko. Wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o wataijua adhabu hii, kwa maana ameeleza jinsi watoto wa Kenya walivyopitishiana kitu cha aibu kila waliposikika wakisema Gĩkũyũ. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kama hao, wengi wao kutoka wilaya za wasemaji wa Kiairishi. Sensa ya 1851 iliwakuta wasemaji milioni moja na nusu hivi. Miaka 40 baadaye hawakufikia nusu ya idadi hiyo.

Kuna riwaya inayolionyesha daftari la enzi hizo vizuri kuliko kitabu chochote cha historia. Ni An Béal Bocht ya mwaka 1941, iliyoandikwa kwa Kiairishi na Brian O'Nolan kwa jina la Myles na gCopaleen. Siku ya kwanza shuleni mtoto anaulizwa jina lake, naye anataja msururu mrefu wa baba na mababu. Mwalimu anampiga na kumwambia kwamba jina lake ni Jams O'Donnell. Kisha anamwita mwingine, naye anapigwa na kupewa jina lile lile, mpaka darasa zima linakwisha. Kitabu ni cha dhihaka, ila msururu ule wa majina ni wa kweli. Katika Gaeltacht, maeneo ambako Kiairishi kimebaki lugha ya nyumbani, mtu hutambulishwa kwa baba yake na babu yake, kama pwani yetu wanavyosema Omari bin Juma bin Ali.

Kilio cha kurudisha majina kilipata sauti mwaka 1892, pale Douglas Hyde, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana, alipohutubia Dublin na kuwalaumu Waairishi kwa kuyaonea haya majina yao. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kuifufua lugha, na mwenyewe akajiandika Dubhghlas de hÍde. Mwaka 1905 suala hilo lilifika mahakamani kwa sababu ya mkokoteni. Niall Mac Giolla Bhríde, mkulima na mshairi wa Donegal, alitozwa faini kwa kuwa jina lake, ambalo sheria ilitaka liandikwe waziwazi kwenye gari lake, lilikuwa kwa Kiairishi. Wakili mmojawapo aliyemtetea katika rufaa alikuwa Patrick Pearse, ambaye baba yake alikuwa mchonga mawe Mwingereza. Rufaa ilishindwa: machoni pa sheria, jina la Kiairishi lilikuwa sawa na jina ambalo halikuandikwa. Mwaka 1908 Pearse alifungua shule yake, Scoil Éanna. Mei 1916 alipigwa risasi kwa kuongoza maasi dhidi ya utawala wa Waingereza.

Watu waliokulia katika hali hiyo ndio walioshika serikali mwaka 1922, Ireland ilipoanza kujitawala. Kuanzia Machi 17 mwaka huo, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Kiairishi kilitakiwa kufundishwa angalau saa moja kwa siku katika shule za taifa. Na kwa mwalimu aliyeipenda lugha, hatua ya kwanza ilikuwa kuita majina.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Padri Patrick Woulfe alichapisha mwaka 1923 kitabu kikubwa cha majina ya koo, Sloinnte Gaedheal is Gall, na mwaka 1966 mwalimu wa Belfast, Muiris Ó Droighneáin, akatoa kingine. Lakini kitabu hakiwezi kumwambia mwalimu kila kitu. Smith aliyeketi mbele yake ni nani? Huenda babu zake walikuwa Mac Gabhann, wana wa mhunzi, waliotafsiriwa jina zamani. Huenda pia walitoka Uingereza na jina lao tangu mwanzo. Mwalimu aliandika Mac Gabhann, na kwa baadhi ya watoto aliandika ukoo ambao haukuwahi kuwa wao. Wasichana nao walipata sarufi ya peke yao: binti ni Ní au Nic, mke ni Uí au Mhic, kwa hiyo kaka, dada na mama waliandikwa kwa namna tatu. Hata mtoto wa Gaeltacht, aliyezaliwa ndani ya lugha yenyewe, alikuta jina la daftari ni la kiofisi, maana kijijini hakuna aliyemwita hivyo.

Upande wangu uko wazi. Kurudisha majina yaliyoporwa ilikuwa haki, na nchi ambayo isingejaribu ingestahili lawama. Kosa lilikuwa kuwafanyia watoto kwa amri kile ambacho Hyde na Pearse walijifanyia kwa hiari. Wapo waliolipenda jina la shule wakalichukua hadi kaburini. Wengine walilitupa siku waliyomaliza masomo, na lugha yenyewe wakaitupa pamoja nalo, hasara ambayo Ireland inaendelea kuilipa.

Majina yaliyovikwa sura ya Kiingereza yalifika hata kwetu. Mabruda, mapadri na masista kutoka Ireland, wakiwemo masista wa shirika la Loreto waliofika Nairobi mwaka 1921, walikuja na Patrick na Bridget, sura za Kiingereza za Pádraig na Bríd, na majina hayo yamo leo katika familia za Kenya ambazo hazijawahi kusikia Kiairishi.

Huko Ireland, madarasa ya sasa yana watoto wa Poland, Nigeria na Brazili, wakiwemo wanaosoma katika gaelscoil, shule zinazofundisha kwa Kiairishi. Hakuna ukurasa wa Woulfe wenye jina Kowalski. Mwalimu anayejiuliza afanye nini ana mfano mkubwa karibu naye. Mtoto aliyezaliwa New York mwaka 1882 kwa baba mwenye jina la Kihispania alilelewa Limerick akiitwa Edward. Mwaka 1908 alijiunga na Conradh na Gaeilge, akajichagulia Éamon, na jina la baba yake akaliacha kama lilivyokuwa. Kwa jina hilo, Éamon de Valera, aliongoza serikali kwa miaka mingi, kisha akawa rais hadi 1973.