Mfupa wa Taya

Lishike taya lako la chini, msomaji, ulipapase toka sikio moja hata la pili. Hutaona mahali palipoungwa, kwani ni mfupa mmoja. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka elfu moja wanafunzi wa utabibu walikariri kwamba mifupa ya taya hilo ni miwili, nayo hukutana kidevuni.

Aliyeandika hivyo ni Galen, tabibu Mgiriki aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kuwatibu makaisari wa Roma. Hakuwa mzembe. Alipasua kima, nguruwe na wanyama wengine kwa mikono yake mwenyewe. Lakini maiti ya mtu haikupasuliwa siku zile, basi mengi ya mnyama akamhesabia mwanadamu. (Ukiokota kichwa cha ng'ombe kilichokauka, utaona taya la chini laachana vipande viwili.) Vitabu vyake vikafasiriwa kwa Kiarabu na Kilatini, vikawa ndivyo masomo yenyewe. Mwanafunzi alisomewa, akahifadhi, kisha akawasomea wengine. Kosa la Galen mimi namsamehe. Linalonishangaza ni wale walimu wote, ambao kila mmoja wao alikuwa na kidevu.

Mwaka 1200 mto Nile haukufurika ipasavyo, na Misri ikapatwa na njaa ya kutisha. Watu walikufa hata wakakosa wa kuwazika. Tabibu mmoja, Abdul-Latif wa Baghdad, aliyekuwa akifundisha Kairo, akasikia kwamba huko al-Maqs pana kilima cha mifupa ya watu. Akaenda na wenziwe. Kwa maelezo yake, walitazama mafuvu zaidi ya 2,000, na hawakuona taya hata moja lenye kiungo. Hakutosheka; akawataka wengine nao wakatazame bila yeye kuwapo. Ndipo akaandika kwamba ushahidi wa macho wastahili kusadikiwa kuliko neno la Galen.

Hata hivyo, somo liliendelea vile vile. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua mwenye umri wa miaka 28, alitoa kitabu kikubwa kilichotokana na maiti alizozipasua mwenyewe, naye akasema taya ni mfupa mmoja, pamoja na makosa mengine mengi aliyoyafichua. Sylvius, aliyemfundisha zamani huko Paris, alikasirika mno. Galen hakukosea, alijibu. Miili ya wanadamu ndiyo iliyobadilika tangu zama zake.